Simu ni Daftari, Si Msimamizi

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya namna ya kusimamia kazi za pamoja kwa kutumia simu ya mkononi hata mtu anapokuwa safarini. Barua hiyo ilimalizia kwa kunikumbusha kwamba nisizidishe nusu saa, maana wapishi hawapendi kungojwa. Nitajitahidi kutii amri zote mbili.

Sina budi kuanza kwa kusema kwamba mimi si mtaalamu wa kompyuta. Ni mtumishi wa serikali. Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1998, nikaendelea na masomo mpaka Chuo Kikuu, na tangu hapo kazi yangu imekuwa ni ya mipango na uratibu katika halmashauri za wilaya. Kwa lugha nyepesi, kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kitu kilichoandikwa kwenye karatasi kinaonekana kijijini kikiwa na kuta na paa. Kwa hiyo nitakayoyasema ni maneno ya mtumiaji, wala si ya mtengenezaji. Mwenye shoka si lazima awe mhunzi, lakini anajua limekuwa butu lini.

Kwa nini kazi ya wengi hulala

Ndugu zangu, wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Wazee hao hao wakasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hizi mbili hazigombani. Ya kwanza yatwambia kwamba kazi kubwa yahitaji watu wengi. Ya pili yatwonya kwamba wingi wa watu peke yake hauifanyi kazi iende.

Hebu vijana wa hesabu wanisaidie. Watu watano wakifanya kazi pamoja, na kila mmoja akihitaji kuelewana na kila mwenzake, kuna njia ngapi za mazungumzo? Ni kumi. Wakiwa kumi, njia zinakuwa 45. Wakiwa ishirini, zinakuwa 190. Yaani watu wameongezeka mara nne, lakini njia za kuelewana, na za kutoelewana, zimeongezeka mara kumi na tisa. Mmarekani mmoja aitwaye Frederick Brooks, aliyepata kusimamia utengenezaji wa programu kubwa za kompyuta katika kampuni ya IBM, aliliandikia kitabu jambo hili mwaka 1975. Alieleza kwamba ukiongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa, waichelewesha zaidi, maana wale wa zamani sharti waache kazi ili wawafundishe wapya.

Basi kazi ya wengi aghalabu hailali kwa uvivu. Hulala kwa sababu kila mmoja anadhani mwenziwe ndiye anayeifanya. Ukimwuliza huyu, atasema, "Nilimwambia fulani." Ukimwuliza fulani, atasema, "Nilikuwa nangoja barua." Hakuna aliyedanganya, na kazi haikufanyika.

Ubao wa zamu

Dawa ya ugonjwa huu twaijua sote tuliopita hapa, maana ilikuwa imetundikwa ukutani mwa bwalo. Nasema juu ya ubao wa zamu. Kwenye ubao ule paliandikwa mambo matatu tu: jina, kazi na siku. Nani atachota maji ya jikoni, nani atafyeka majani nyuma ya bweni, nani atasafisha vyoo. Hakuna aliyeweza kusema hakujua, na kiranja hakuhitaji kupiga kelele. Alinyosha kidole ubaoni tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, huko Japani, bwana mmoja aitwaye Taiichi Ohno alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Toyota. Aliona kwamba karakana moja ilitengeneza vipuri vingi kupita kiasi na kuvirundika, huku nyingine ikikaa bure ikingoja. Akaweka utaratibu wa vikadi. Kila kasha la vipuri lilikwenda na kadi yake. Vipuri vikitumika, kadi ilirudishwa kule vilikotoka, nayo ikawa ndiyo amri ya kutengeneza vingine. Pasipo kadi, hakuna kutengeneza. Wajapani huiita kadi hiyo kanban, na neno hilo limeenea duniani.

Watu wa kompyuta waliuchukua utaratibu huo wakautia kwenye mashine. Mwaka 2011 ilitoka programu iitwayo Trello, ambayo ni ubao wa vikadi unaoweza kuonekana katika simu ya kila mwanakikundi kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 kampuni ya Atlassian ya Australia ilitangaza kuinunua kwa dola milioni 425. Hebu fikirini: fedha zote hizo kwa ubao wa zamu! Zipo nyingine, kama Asana na Planner ya Microsoft. Sikuja kuuza hata moja. Zinatofautiana kwa rangi na kwa bei, lakini kiini chao ni kimoja.

Mkifungua ubao wa namna hiyo, mtaona safu zilizosimama. Sisi tuliziita Inangoja, Inafanyika, Inasubiri ukaguzi na Imekwisha. Kila kazi ni kadi moja. Juu ya kadi pana jina la kazi, jina la mwenye kazi na tarehe ya mwisho. Ukiifungua, ndani waweza kuweka orodha ya hatua, picha, risiti na maelezo. Kazi ikisonga, kadi inasukumwa kwa kidole kutoka safu moja hadi nyingine, na wenzio wote wanaona, awe mmoja yuko ofisini na mwingine yuko juu ya pikipiki njiani kwenda kijijini.

Najua wengi wenu mtasema, "Sisi tuna kundi la WhatsApp, latutosha." Ndugu zangu, kundi la WhatsApp ni baraza. Pale pana salamu, dua, picha za harusi, rambirambi na mabishano ya mpira. Ni vyema na yabaki hivyo. Lakini agizo lililotolewa barazani saa mbili asubuhi, ikifika saa sita limekwisha kuzikwa chini ya ujumbe themanini. Wala agizo hilo halina tarehe inayokukumbusha, wala halina mahali pa kuonyesha kwamba limetimizwa. Maamuzi yakifikiwa barazani, sharti mtu ayaandike daftarini. Ubao ndio daftari.

Madarasa ya mwaka 2021

Sasa niwape mfano. Tarehe 10 Oktoba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Mpango huo ulikuwa wa shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake moja ilikuwa ni kujenga madarasa 15,000: yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Na yalitakiwa yawe tayari ili wanafunzi wa kidato cha kwanza waingie mara shule zitakapofunguliwa Januari 2022, wote kwa mkupuo mmoja.

Katika halmashauri niliyokuwamo wakati huo, mimi nilipewa kuratibu shule nane zilizotawanyika katika kata sita. Hapakuwa na makandarasi wakubwa. Kazi ilifanywa na mafundi wa kawaida wa hapo hapo, chini ya kamati tatu katika kila shule: kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi. Hesabuni wenyewe: shule nane mara kamati tatu, pamoja na wakuu wa shule, watendaji wa kata, mhandisi, mhasibu na mafundi. Na gari la kuzungukia lilikuwa moja, nalo likigombewa na idara nyingine.

Tukafungua ubao katika simu. Kila shule ikapewa kadi zake kwa hatua za ujenzi: msingi, jamvi, kuta, lenta, kenchi na bati, plasta na sakafu, milango na madirisha, viti na meza. Hapo ndipo faida ya kwanza ilipoonekana. Ujenzi una kazi zinazofuatana na kazi zinazoweza kwenda sambamba. Huwezi kupaua kabla lenta haijakomaa. Zege linataka kumwagiliwa maji walau siku saba, na nguvu yake kamili hupimwa siku ya 28. Siku hizo hazina njia ya mkato, hata akija waziri. Lakini seremala hana haja ya kungoja ukuta ili atengeneze meza, wala mchomeleaji hahitaji kungoja lenta ili akate vyuma vya madirisha. Kadi zilipopangwa mbele ya macho ya wote, mkuu wa shule mmoja aliona mwenyewe kwamba kadi ya viti na meza ilikuwa bado inangoja bila sababu. Hakuambiwa na mtu. Alimwita seremala siku ile ile.

Faida ya pili ilikuwa katika manunuzi. Kwa kuwa kila mtu alikuwa akijenga kwa wakati mmoja, bati na nondo zilianza kuwa adimu madukani, na bei zikabadilika baina ya asubuhi na jioni. Ubao ulituonyesha shule zipi zingefikia kupaua katika juma moja, tukaziunganisha zikaagiza bati pamoja. Mwenye kuagiza kwa wingi husikilizwa na mwenye duka.

Faida ya tatu ilikuwa ni picha. Picha ya msingi uliochimbwa, yenye siku na saa, ilimwezesha mhandisi aliyekuwa kilomita 70 kutoka hapo kusema, "Hapo kona ya kushoto hapajafika kina, ongezeni kabla ya zege." Kasoro iliyoonekana kabla ya zege hurekebishwa kwa jembe. Ikionekana baada ya zege, hurekebishwa kwa nyundo na kwa fedha.

Saruji ya mto wa pili

Lakini, ndugu zangu, ningekuwa nawapotosha kama ningeishia hapo. Katikati ya Novemba, kadi ya kuta ya shule moja iligeuka nyekundu. Programu hizi zina desturi hiyo: tarehe ikipita, kadi inajipaka rangi. Ikakaa nyekundu siku moja, mbili, tatu. Siku ya nne, katika kikao cha asubuhi, mjumbe mmoja akanyanyua simu yake akatuonyesha wote. Akasema saruji ya shule hiyo ilikwisha kupokelewa, kwa kuwa kadi ya saruji ilikuwa ya kijani katika safu ya Imekwisha. Kwa hiyo fundi alikuwa mzembe, na mkataba wake uvunjwe aletwe mwingine. Wajumbe kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Ikaamuliwa kwamba kwanza niende nikaone, kisha barua iandikwe.

Nilifika saa nane mchana. Nilimkuta fundi mkuu, mzee wa miaka kama sitini hivi, ameketi juu ya rundo la tofali na vibarua wake watano. Walikuwa saba, wawili walikwisha kwenda kulima, maana mvua za vuli zilikuwa zimeanza na kibarua hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza kilichonileta. Akaniomba aione hiyo simu. Yeye mwenyewe alikuwa na kitochi, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Nikamwonyesha kadi yake nyekundu. Akaitazama kwa makini, akanirudishia, akasema:

"Mwanangu, hiyo simu yako imekwambia nimechelewa. Imekwambia saruji iko wapi?"

Nikamwambia imeandikwa saruji imefika.

"Imefika wapi?"

Tukaenda stoo pamoja. Mlikuwa na mifuko minne, na mmoja wake umelowa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Lori lilibeba mifuko 120, ya shule mbili zilizo katika barabara moja. Lilipofika mto wa pili, maji yalikuwa yamejaa. Dereva akashusha mifuko yote katika shule ya kwanza, na karatasi za mapokezi za shule zote mbili zikasainiwa pale pale, ili lori lisikawie kurudi. Jioni yake mtu aliyekuwa na zile karatasi akasukuma kadi mbili kwenda safu ya Imekwisha. Hakuna aliyeiba. Hakuna hata mfuko mmoja uliopotea. Mifuko sitini ya mzee yule ilikuwa salama kabisa, kilomita 11 kutoka hapo, ng'ambo ya mto.

Mzee alikuwa amemweleza mwalimu aliyekuwa katika kamati. Mwalimu alikuwa ameliandika barazani, katika kundi la WhatsApp. Na ujumbe ule ulizikwa chini ya pongezi za mtu aliyepata mtoto. Kwenye ubao hapakuwa na neno lolote lake, maana mzee hakuwa na simu ya kuingilia. Ubao ulikuwa na jina lake lakini haukuwa na sauti yake.

Siku ya pili mwanakijiji mmoja mwenye trekta aliivusha saruji ile kupitia kivuko cha juu. Mzee akaanza kazi. Barua ya kuvunja mkataba haikuandikwa. Kuta zilikwisha, paa likapanda, na wanafunzi waliingia Januari. Mzee alilipwa fedha zake zote, na vibarua wake walilipwa pia siku zile nne walizokaa bure, maana kukaa kule hakukuwa kwao.

Nimelikumbuka sana jambo hili, na ndilo ninaloomba mwondoke nalo. Kama tungekaa ofisini na simu zetu nzuri, tungemfukuza mtu asiye na hatia, na tungekuwa na ushahidi kamili mikononi. Rangi nyekundu ilikuwa sahihi: kazi ilikuwa imechelewa kweli. Lakini ilituonyesha mahali panapouma tu. Nani aliyesababisha maumivu, haikujua. Hilo hujulikana kwa kuuliza, na kuuliza ni kazi ya msimamizi.

Masharti tuliyojiwekea

Baada ya hapo tulikaa kitako tukajiwekea masharti. Nawapa ninyi kama tulivyoyaandika, maana yanafaa kwa ujenzi, kwa harusi, kwa ushirika na hata kwa timu ya mpira.

Kwanza, kila kadi iwe na jina la mtu mmoja. Wasaidizi wanaweza kuwa kumi, lakini anayejibu ni mmoja. Kadi iliyoandikwa "Kamati" haina mwenyewe.

Pili, kadi iwe ndogo. "Kujenga darasa" si kadi, ni ndoto. "Kumwaga zege la msingi" ni kadi. Kazi isiyoweza kumalizika katika juma moja, igaweni.

Tatu, neno "imekwisha" litamkwe na anayeipokea kazi, mahali itakapotumika, pamoja na picha na hesabu. Saruji haijafika mpaka iwe katika stoo ya shule itakayoitumia na wajumbe wa mapokezi wawe wameihesabu.

Nne, asiye na simu janja asiachwe nje. Tulimteua mwalimu mmoja katika kila shule awe karani wa ubao. Kila siku saa kumi na mbili jioni alimpigia au kumwendea fundi, akamwuliza maswali matatu: leo umefanya nini, kesho utafanya nini, nini kinakuzuia? Majibu akayaandika kwenye kadi kwa maneno ya fundi mwenyewe. Na hakuna aliyeruhusiwa kupendekeza adhabu juu ya kadi nyekundu kabla sababu haijaandikwa.

Tano, jueni hali ya mtandao kabla ya kuchagua programu. Zipo zinazokubali uandike hata pasipo mtandao, zikaituma habari yako utakapofika penye mtandao. Nyingine hukataa kabisa. Ijaribuni kijijini kwanza. Kadhalika, picha kubwa hula bando na betri. Zipunguzeni ukubwa, na kila karani awe na betri ya akiba.

Sita, simu isiwe mjeledi. Zamani mkubwa wako alikufikia saa za kazi tu. Leo aweza kukusukumia kadi saa tano usiku ukiwa na wanao. Tulikubaliana kwamba kadi zitapangwa mchana, na baada ya saa mbili usiku hakuna anayelazimika kujibu, isipokuwa kwa dharura ya kweli. Mtu aliyechoka hujibu "sawa" kwa kila kitu, na "sawa" ya namna hiyo haijengi kitu.

Saba, ubao uwe mali ya ofisi. Watumishi tunahamishwa. Ubao ukifunguliwa kwa namba ya mtu binafsi, siku akihama anahama na kumbukumbu zote za kazi. Fungueni kwa anwani ya ofisi, na wawepo wawili wenye funguo. Tena mkumbuke kwamba majina, namba za simu na malipo ya watu ni amana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Msiweke kwenye ubao habari za mtu zisizohitajika kwa kazi, na kazi ikiisha, ondoeni walioingia kwa muda.

Kwa wadogo zetu

Sasa niwageukie vijana. Najua hamruhusiwi kuwa na simu hapa shuleni, nami sikuja kuwafundisha kuvunja sheria. Mkuu wa Shule yuko mbele yangu. Lakini mmeona wenyewe kwamba kiini cha jambo hili hakimo ndani ya simu. Chukueni karatasi kubwa, mchore safu tatu. Kateni vipande vidogo vya karatasi viwe kadi. Klabu ya mdahalo ikitaka kualika shule jirani, andikeni: barua ya mwaliko, nani, lini, viti, nani, lini, mtunza saa, nani. Sogezeni vipande kwa mkono. Mkikutana kila Jumamosi kwa dakika kumi mbele ya karatasi ile mkaulizana yale maswali matatu, mtakuwa mmejifunza jambo ambalo watu wazima wengi wenye shahada na simu za bei kubwa hawajalijua.

Na zaidi ya hayo, jifunzeni tabia inayoufanya ubao uwe na maana. Nayo ni kusema mapema. Mtu anayesema siku tatu kabla, "Jamani, sitaweza kumaliza Ijumaa," amewasaidia wenzake. Anayenyamaza mpaka Ijumaa jioni amewatupa mtoni. Wakati wangu hapa tulidhani kusema "sijaweza" ni aibu. Kazini nimeona kwamba walioaminiwa kupewa kazi kubwa hawakuwa wale wasiokwama. Walikuwa wale waliosema mapema kwamba wamekwama.

Kwa sisi wakubwa

Mwisho, nina neno kwa sisi tuliokwisha kuondoka hapa. Kila mwaka tunakutana. Tunakula vizuri, tunaimba wimbo wa shule, na tunaahidi. Mmoja anasimama anaahidi bati, mwingine anaahidi vitabu vya maabara, mwingine anasema atazungumza na rafiki yake mwenye kiwanda cha matanki. Tunapiga makofi. Kesho yake ahadi zinaingia katika kundi letu la WhatsApp, na juma linalofuata zimefunikwa na habari za mpira. Mwaka unaofuata tunakutana tena, tunaahidi upya. Sisemi kwamba sisi ni watu wabaya. Nasema hatujapata kuwa na ubao.

Wadogo zetu hawa bado wanachota maji kwa ndoo kutoka bondeni wakati wa kiangazi, kama tulivyochota sisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, ni lita moja ya maji. Mabati ya mabweni yetu ni mamia ya mita za mraba, na kila masika maji yote hayo yanateremka bondeni yakatungoje huko na ndoo zetu.

Kwa hiyo basi, Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Kwanza, Chama chetu kichague kazi moja tu mwaka huu, nayo iwe mifereji ya bati na matanki ya maji kwa mabweni. Pili, kabla hatujatawanyika leo, ahadi zote ziandikwe kama kadi: jina moja, kitu kimoja, tarehe moja. Tatu, ubao huo ufunguliwe kwa anwani ya Chama, na kila mwanachama auone katika simu yake popote alipo, awe Mtwara, Mwanza au ng'ambo. Nne, nakala yake ichorwe juu ya ubao wa mbao na kutundikwa bwaloni, na wanafunzi wawili wachaguliwe kuwa makarani wake, ili hawa wanaochota maji waone kila juma ni kadi ya nani imesogea na ni ya nani imelala.

Nami naomba jina langu liwe la kwanza. Andikeni: kupima mapaa ya mabweni yote na kuleta makisio ya gharama, kwa Mhasibu wa Chama, katika siku 21 kuanzia leo. Siku ya 22, kama kadi yangu itakuwa nyekundu, nipigieni simu mniulize sababu.

Nawatakia wanafunzi mafanikio katika mitihani yenu, nawatakia walimu afya njema, na sisi wengine nawatakia safari njema ya kurudi nyumbani. Wapishi, samahani, nimezidisha dakika mbili.